Daftari la Kilio cha Mzee Hubert

Bunia, Rwambuzi, tarehe 6 mwezi wa saba 2025

Yaya Anaclet,

Salamu nyingi kwako kaka, kwa wifi Solange na watoto. Tangu antena ya simu ya huko kwenu Aveba inyamaze nimerudi kuwa mwanafunzi wako: kalamu, karatasi, na huyu Ushindi wa pikipiki anayekuja sokoni kwenu. Amesema atabeba barua zangu bure nikimjazia bidoni yake maji. Basi ujue barua hii imelipwa kwa maji, na maji sasa si mchezo.

Hapa tuko wazima. Binti yangu Ornella amepita mwaka wa shule, asilimia sitini na mbili, anatembea barabarani kama amechaguliwa gavana. Mama Régine, jirani yetu, ndiye hayuko vizuri. Miguu imevimba, na chai anayopelekewa anaiacha ipoe.

Sasa sikia. Siku ya Jumanne, Gaspard, prezida wa komite ya maji ya avenyu yetu ya Mikaratusi, alikuja bombani na karatasi yenye muhuri. Bidoni iliyokuwa faranga mia moja, sasa mia tatu. Mia tatu, Yaya, kwa bidoni moja! Nilimuuliza nani amekubali. Akasema, “Raia wenyewe. Walisaini.” Raia gani? Mimi ndiye ninayefungua bomba hili kila asubuhi tangu Baba alipolitolea kona ya kiwanja chetu. Avenyu nzima inapita mbele ya macho yangu na bidoni zake, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba amesaini kitu. 

Jambo lingine. Nitumie daftari la kilio cha Baba. Wewe ndiye mkubwa, uliondoka nalo mwezi wa tatu. Desturi unaijua: mtu aliyeandika jina lake kwenye kilio chako, siku ya msiba wake unafungua daftari uone alikuletea nini, kuni, unga au machozi tu, ili usiende kwake mikono mitupu. Simwombei Mama Régine mabaya, lakini nataka niwe tayari.

Mdogo wako,
Félicité


Aveba, tarehe 27 mwezi wa saba 2025

Mdogo wangu Félicité,

Barua yako imenikuta nikiwa mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa kikohozi kile cha zamani ambacho hakitaki kuniaga. Maharagwe yalikuwa yamestawi vizuri, kisha mvua ya mawe ikayalaza yote kwa saa moja. Bati tatu za darasa langu zimepeperuka, tumeziokota mbali kwenye mihogo ya watu. Solange yuko Marabo kwa mama yake. Mpongeze Ornella, umwambie asilimia sitini na mbili bado haijafika sabini.

Kuhusu daftari, liko chini kabisa ya sanduku, na ufunguo Solange amekwenda nao. Akirudi tutaona.

Kuhusu maji, waachie wenye komite. Mabomba yale ni ya zamani, na vitu vizuri vina bei yake. Wewe fungua bomba, funga bomba, usiingie katika maneno ya siasa. Je, Gaspard hakusema lolote juu ya tangi jipya, na jina litakaloandikwa juu yake? Nauliza tu.

Msalimie Mama Régine. Mwambie namwombea.

Kaka yako,
Anaclet


Bunia, tarehe 17 mwezi wa nane 2025

Yaya Anaclet,

Salamu. Ornella mzima, mbuzi amezaa, mvua imerudi. Habari za nyumbani zimeisha, nisamehe.

Watu walimsumbua Gaspard kila siku wakitaka kujua nani alisaini. Alichoka. Jana akabandika fotokopi kwenye mlango wa komite, karatasi saba, majina mia na themanini na sita. Nilikwenda kuangalia nikiwa nimejiandaa kucheka, maana nilidhani nitakuta majina ya wafu na ya watu wa Kisangani. Nimekuta jina langu. Mstari wa pili. Na mstari wa kwanza, lako.

Nikasema labda kuna Félicité mwingine. Nikashuka mstari kwa mstari na kidole. Kwenye karatasi ya tatu kuna duara la kikombe. Duara hilo nalijua: ni mimi niliyeweka chai ya mchungaji juu ya daftari siku ya pili ya kilio cha Baba, ukanigombeza mbele ya wageni. Chini ya duara kuna dole gumba la Mama Régine, limeburutika, kwa sababu alikuwa analia tulipomshika mkono. Halafu Falone, mshonaji, yule asiyeweza kuandika jina lake bila kuongeza neno. Pembeni ameandika: “Pole sana familia, Mungu amupokee muzee.”

Pole sana! Kwenye karatasi ya kupandisha bei ya maji! Nani anatoa pole kwa bomba? Nani amekufa, bidoni?

Nilicheka, kweli nilicheka, halafu nikakaa vumbini pale pale mlangoni. Ni kilio cha Baba, Yaya. Watu walikuja na kuni zao na vilio vyao, wakaandika majina ili tujue walitupenda, na leo majina yale yale yanawanyang'anya maji. Sijawahi kusikia kitu kama hiki. Nimeishi katika mji huu miaka yote ya vita, nimeona nyumba zikichomwa, lakini mtu kuiba kilio, hapana, hilo sikuwahi kuliona.

Juu ya kila karatasi, pale palipokuwa pameandikwa “Waliofika kwa kilio cha Mzee Hubert”, sasa kuna maneno mengine: “Sisi wakaazi wa avenyu Mikaratusi tunaunga mkono kuongezwa kwa bei ya maji.” Yameandikwa kwa mkono. Mwandiko mzuri, wa mtu aliyesoma. Juu ya mwandiko huo sisemi zaidi leo.

Daftari liko wapi? Usinipe tena habari za sanduku. Nimemwambia Ushindi alale huko asubiri jibu.

Félicité


Aveba, tarehe 21 mwezi wa tisa 2025

Mdogo wangu Félicité,

Nakusalimu kwa upendo. Usimlaumu Ushindi kwa kurudi mikono mitupu mwezi uliopita. Alisubiri siku mbili, lakini nilikuwa na homa, kisha mkutano wa wazazi, kisha barabara ikafungwa. Solange amerudi salama. Mtoto wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele na anaonyesha pengo kwa kila mgeni. Darasa limepata bati mpya mbili, ya tatu tunaingoja.

Daftari, nasikitika kukuambia, limeliwa na panya. Huku panya ni wengi.

Hayo uliyoyaona mlangoni nami yamenishangaza. Lakini wewe ni mtu mzima, unajua kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ukipiga kelele, watu watauliza daftari lilitoka nyumba gani, na jina la Baba litachafuka. Nyamaza, bei itazoeleka. Kama bomba linakupa shida, mwachie mtu mwingine kazi hiyo upumzike.

Nieleze jambo moja tu: mbali na wewe, kuna mtu mwingine aliyeangalia ule mwandiko vizuri?

Kaka yako,
Anaclet


Bunia, tarehe 5 mwezi wa kumi 2025

Anaclet,

Salamu kwa wifi Solange na kwa watoto, hasa huyo wa meno. Kwako wewe tutaona mwisho wa barua.

Mama Régine ametuacha Jumatatu. Nilikwenda na kuni na unga nikikisia, kwa kuwa daftari la kunionyesha alichotufanyia sikuwa nalo. Binti yake aliweka meza ndogo langoni, na daftari jipya na kalamu, kama kawaida. Watu walijaa mpaka barabarani. Waliimba, walilia, walichota uji. Mpaka jioni daftari lilikuwa jeupe.

Nilimwona mzee Delphin, seremala aliyechonga jeneza la Baba. Nikamwambia, “Muzee, andika jina.” Akairudisha mikono nyuma.

“Mama Félicité, Régine mi nilimupenda, Mungu anajua. Lakini jina yangu sitaiacha tena fasi ya matanga. Leo naandika pole, kesho wataniambia nimekubali bidon ya cinq cents, mia tano nzima.”

Mama mmoja nyuma yake akasema kwa sauti ya juu ili nisikie: “Si njo huyu iko anafungua robine ya maji? Aliuzisha majina ya watu kwenye kilio ya baba yake. Ata baba yake mwenyewe aliuzisha!”

Nikaenda mezani niandike jina langu, angalau moja liwepo. Binti wa Régine akalifunga daftari mbele yangu.  Niliona aibu ambayo sikuiona hata siku mume wangu aliponirudisha nyumbani na godoro langu. Siku tatu za kilio, watu zaidi ya mia, na hakuna jina hata moja. Mtoto yule hatajua nani alimlilia mama yake.

Methali yako ya maji yaliyomwagika baki nayo, sisi huku hata ya kumwaga hatuna. Nikupe yangu: mficha maradhi, kilio humfichua. Mwandiko niliutambua tangu siku ile mlangoni. Bunia nzima ni nani mwingine anayeikata z katikati na kuivuta mkia mpaka mstari wa chini? Ulinifundisha z hiyo kwa kijiti kwenye majivu ya jiko la Mama, nikiwa sijaanza shule. Na mwezi wa saba uliniuliza habari za tangi jipya. Tangi hilo Gaspard amelitangaza mwezi wa tisa. Panya wa Aveba wanajua mengi.

Bado sijamwambia mtu. Nilikuwa nangoja useme wewe.

Nimekwenda ofisi ya kartie, ya mtaa wetu, kulalamika. Mkuu alinisikiliza vizuri, kisha akasema: “Mwenye kuandika ile karatasi aseme yeye mwenyewe kama iko uongo. Mwisho ni tarehe trente et un, siku ya kufunga mwezi huu. Kisha pale bei imepita, mi sina tena njia.” Na huku watu wameacha bomba, wanateka kijitoni bondeni, pale panapoogeshwa ng'ombe. Watoto wanne wa avenyu wanaharisha. Mmoja amelazwa, ni mjukuu wa Delphin.

Sasa naandika salamu zako: sina.

Félicité


Aveba, tarehe 12 mwezi wa kumi 2025

Félicité mdogo wangu, na ninyi nyote wa avenyu Mikaratusi mtakaosomewa barua hii,

Nawasalimu, ingawa najua sina haki ya kuitikiwa.

Sikudanganywa. Nataka hilo lisikike kwanza, kabla ya mengine. Siku ya saba baada ya kumzika Baba, Gaspard alikuja akakaa kwenye kiti cha Baba. Akasema mabomba yameoza, na tangi jipya litaletwa kama wakaazi watakubali kulipa zaidi. Akasema juu ya tangi wataandika “Mzee Hubert” kwa herufi nyeupe, kwa sababu ndiye aliyetoa kiwanja. Eti tukiita mkutano, watu watagombana miezi mitatu. Kisha akaliangalia daftari lililokuwa mezani. “Hawa wote walimupenda muzee wako,” akasema. “Majina si iko hapa? Weye andika tu maneno ya juu. Mwandiko yako watu wanaiheshimu.”

Niliona jina la Baba juu ya tangi. Niliona kila mtu mwenye bidoni akiinua macho na kulisoma. Nikachukua wembe wa kunyolea, nikakata kichwa cha kila ukurasa, nikabandika karatasi nyingine, nikaandika. Bei mpya ilikuwa imetajwa, niliisikia kwa masikio yangu. Nilijiambia mngesaini hata hivyo. Nilijua ni uongo, na niliuandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Kazi ya Aveba niliiomba wiki ile ile. Niliwaambia nimehamishwa. Hakuna aliyenihamisha.

Daftari halikuliwa na panya. Analo Gaspard. Lakini vile vipande saba nilivyokata vimo ndani ya Biblia yangu, nilishindwa kuvichoma kwa sababu vina jina la Baba. Nakutumia vyote. Viwekeni juu ya zile karatasi za Gaspard, mtaona vinaingia sawasawa. Vitatosha kuwa ushahidi.

Félicité hakujua kitu. Mama huyu mmemwonea, na mimi ndiye niliyenyamaza mkimwonea.

Mimi mwenyewe sitaweza kuja. Barabara ni mbaya, na nina aibu. Barabara ningeipita. Aibu ndiyo inanishinda.

Anaclet


Bunia, tarehe 19 mwezi wa kumi 2025

Yaya,

Salamu kwa wifi, kwa watoto, na kwako pia. Ndiyo, na kwako pia, ila usifurahi mapema. Mjukuu wa Delphin ametoka hospitali, amekonda lakini anakula.

Jana tulikuwa tunamaliza matanga ya Mama Régine. Nilisimama karibu na bomba nikasoma barua yako yote, hata salamu. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyepiga makofi. Mzee Delphin akasema, “Rudilia pale pa wembe.” Nikasoma tena pale pa wembe. Akatikisa kichwa muda mrefu. Vile vipande saba vilipita mkono kwa mkono, watu wanavishika kwa ncha za vidole. Yule mama aliyenitukana alivipokea, akaviangalia, akampa mwingine, akabeba bidoni yake akaenda nyumbani. Sijui anawaza nini.

Kisha binti wa Régine aliingia ndani akaleta lile daftari jeupe. Akalifungua mezani. Watu wameandika, Yaya. Mpaka giza likaingia walikuwa wanaandika. Falone ameandika jina lake na pembeni, unamjua, “Pole sana familia.” Halafu amefikiri kidogo, ameongeza chini yake: “Anaclet pia pole.” Hapo ndipo nilipolia.

Lakini wameanzia mstari wa pili. Delphin ndiye aliyeagiza. “Ile ya kwanza tuachie Anaclet,” alisema. “Kwa baba yake alianza yeye, na hapa aanze yeye. Siye hatumufukuze. Lakini kama hakuji, hii kaye, daftari hii, tutaipasua yote, na hapa Rwambuzi mutu hataandika tena jina ya kulilia mwenzake.”

Leo asubuhi nimempelekea mkuu wa kartie barua yako na vile vipande. Amevisoma, amenirudishia. “Mama, karatasi imetudanganya mara moja,” amesema. “Hii ya pili nitaiamini ginsi gani? Mutu mwenyewe akuje, nimuone macho.”

Bado siku kumi na mbili. Mimi sijakusamehe, na sitasema uongo katika barua, barua za uongo zimetosha. Mstari wako upo, mweupe, juu ya jina langu. Nimelifunika daftari kwa kitambaa cha Mama ili lisipate vumbi.

Mdogo wako,
Félicité


Bogoro, njiani kuja Bunia, kwenye kizuizi, tarehe 28 mwezi wa kumi 2025

Félicité,

Leo siandiki salamu, nitakupa kwa mkono.

Naandika juu ya goti, askari wanaangalia vitambulisho vya watu walio mbele yetu. Asubuhi nilikuwa nimemwandikia mkuu wa kartie barua nyingine, ndefu, kurasa nne, yenye sababu zote za kutokuja. Nilimpelekea Ushindi sokoni. Alikataa kuipokea.

“Mwalimu,” aliniambia, “mi nimechoka kubeba maneno yako. Panda.”

Nimepanda.

Anaclet